Nyumba za Wabizanti juu ya Agora ya Athene: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu uchimbaji wa kiakiolojia unaofanyika katikati ya jiji la Athene, nchini Ugiriki, mahali ambapo nyumba za Wabizanti, yaani watu wa Milki ya Roma ya Mashariki, za karne ya 10 hadi ya 12 B.K. zimekutwa juu ya uwanja wa umma wa Wagiriki wa kale. Wasomaji wengi huulizia uwanja. Hapa mkazo umewekwa kwenye nyumba, kwa kuwa ndizo zinazoondolewa ili uwanja uonekane, na kitu kinachoondolewa kinastahili kuelezwa kwa makini zaidi kuliko kile kitakachobaki.

Agora ilikuwa nini?

Agora ilikuwa uwanja mkuu wa Athene, chini ya kilima cha Akropoli, upande wa kaskazini-magharibi. Tangu karne ya 6 K.K. watu walikusanyika hapo kununua na kuuza, kusikiliza kesi, kupiga kura, kutoa sadaka kwenye madhabahu na kupokea matangazo ya serikali. Pembeni mwa uwanja yalijengwa majengo marefu yaitwayo stoa, yaani baraza zenye safu ya nguzo upande wa mbele na ukuta upande wa nyuma, ambako mtu alipata kivuli wakati wa jua na mahali pa kujikinga wakati wa mvua. Wasomaji wa Biblia wanaujua uwanja huu hata kama hawajalisikia jina lake: katika Matendo ya Mitume sura ya 17, Paulo anahojiana na watu sokoni Athene kila siku, na baadhi yao ni wanafalsafa wa Kiepikureo na wa Kistoiko.

Ni nani wanaochimba, na tangu lini?

Wachimbaji ni Shule ya Marekani ya Masomo ya Kale iliyoko Athene, kwa kibali cha serikali ya Ugiriki. Kazi ilianza tarehe 25 Mei 1931 chini ya T. Leslie Shear, kwa fedha zilizotolewa kwa sehemu kubwa na tajiri wa Marekani John D. Rockefeller Mdogo. Wakati huo eneo lote lilikuwa mtaa wenye watu, uitwao Vrysaki, na ili kuufikia uwanja wa kale ilibidi takriban majengo 400 yanunuliwe na kubomolewa, katika eneo la takriban hekta 12. Baada ya Shear walifuata Homer Thompson, kisha mwana wa Shear aliyekuwa na jina lile lile, kisha John Camp aliyeongoza tangu 1994 hadi 2022, na baada yake John Papadopoulos.

Ilikuwaje nyumba za watu zikajengwa juu ya uwanja wa serikali?

Uwanja ulikufa polepole, na ulikuwa umekwisha kufa muda mrefu kabla nyumba hizi hazijajengwa. Mwaka 267 B.K. Waheruli, watu waliotoka kaskazini, waliuvamia mji na kuuteketeza, na wakazi waliosalia wakajenga ukuta mpya uliozunguka sehemu ndogo tu ya mji, wakitumia mawe ya majengo yaliyoharibiwa. Agora ilibaki nje ya ukuta huo. Katika karne za 4 na 5 pakawa na uhai tena, lakini mashambulizi mengine yalifuata, yakiwemo yale ya Waslavi mwishoni mwa karne ya 6, na kufikia karne ya 7 sehemu kubwa ya eneo ilikuwa imeachwa.

Mahali pakiachwa, maji hufanya kazi yake. Kijito cha Eridanos kinapita upande wa kaskazini wa Agora, na katika siku njema za mji kilielekezwa kwenye mfereji mkubwa wa mawe. Mifereji ilipokosa wa kuisafisha ikaziba, mvua zikaleta mchanga na tope kutoka vilimani, na sakafu ya uwanja ikafukiwa mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo watu walioanza kurudi katika karne ya 10 hawakukuta uwanja wakauvamia. Walikuta ardhi tupu yenye vichwa vya kuta vilivyojitokeza hapa na pale, mawe mengi ya bure, na maji yasiyo mbali chini. Hapo wakajenga.

Wakati huo Athene ilikuwa mji wa mkoa katika Milki ya Bizanti, iliyotawaliwa kutoka Konstantinopoli. Parthenon, hekalu kubwa la kale juu ya Akropoli, ilikuwa kanisa la Mama wa Mungu, na mwaka 1018 Kaisari Basil wa Pili alifika huko kutoa shukrani baada ya vita vyake na Wabulgaria. Hekalu la Hefaisto, linalotazama Agora kutoka kilima cha magharibi, lilikuwa kanisa la Mtakatifu Georgi, jambo lililochangia sana kuliokoa lisibomolewe.

Nyumba zenyewe zilikuwa za namna gani?

Zilikuwa nyumba za watu wa kawaida wa mjini, zilizosongamana, ukuta wa huyu ukiegemea ukuta wa yule. Mpango unaojirudia ni vyumba kadhaa vilivyozunguka ua, na ndani ya ua mara nyingi kuna kisima. Kuta zilijengwa kwa mawe yasiyochongwa yaliyoungwa kwa udongo, na katikati ya mawe hayo ya kawaida hutokea ghafla kipande cha marumaru kilichonyooka barabara, kilichotolewa kwenye jengo la kale na kufanywa kizingiti, jiwe la pembeni au kingo ya kisima. Sakafu nyingi ni udongo ulioshindiliwa tu. Nyumba hizo zilirekebishwa tena na tena: mlango uliozibwa, chumba kilichogawanywa mara mbili, sakafu mpya juu ya sakafu ya zamani. Kinachobaki hadi leo mara nyingi ni sehemu ya chini tu ya kuta.

Kitu kinachowatambulisha wenyeji wake kuliko vyote ni ghala zao. Chini ya sakafu yamezikwa makasiki, mitungi mikubwa ya udongo iliyozama hadi shingoni, mdomo wake ukiwa sawasawa na sakafu ili ufunikwe kwa bamba la jiwe na watu wapite juu yake. Mengine si ya kufinyangwa bali ni mashimo ya mviringo yaliyojengwa kwa mawe na kupigwa lipu ndani ili yasivuje. Humo ziliwekwa nafaka, mafuta ya zeituni na divai. Mtu anayezika chombo kizito namna hiyo chini ya chumba chake hana nia ya kuhama kesho. Huyo anatazamia mavuno yajayo, na mengine baada ya hayo. Kwangu mimi hakuna ushahidi mzuri zaidi wa amani ya karne hizo kuliko safu ya makasiki katika chumba chenye giza.

Umri wa nyumba hujulikanaje?

Kwa sarafu na kwa vyombo, vikisomwa pamoja na tabaka za udongo vilimokutwa. Tangu karibu mwaka 970 hadi 1092 dola ya Bizanti ilitoa sarafu za shaba zisizo na jina la kaisari. Upande mmoja zina sura ya Kristo, na upande wa pili mara nyingi zina maandishi yanayomtaja kuwa mfalme wa wafalme. Sarafu hizi zilibadilishwa mtindo mara kwa mara, na wataalamu wameipanga mitindo hiyo kwa mfuatano. Hata hivyo sarafu husema jambo moja tu kwa uhakika, nalo ni kwamba sakafu iliyoifunika haiwezi kuwa ya zamani kuliko sarafu hiyo. Inaweza kuwa ya baadaye sana, kwa kuwa sarafu huzunguka mikononi kwa miaka mingi.

Vyombo vya udongo husaidia zaidi kwa sababu vilivunjika na kutupwa kila siku. Katika karne ya 11 na ya 12 bakuli za mezani zilitengenezwa kwa ufundi uitwao sgrafito: bakuli la udongo mwekundu lilipakwa maji ya udongo mweupe, fundi akalikwaruza kwa ncha kali ili wekundu wa chini uonekane kama mchoro wa ndege, sungura au mizunguko ya majani, kisha likapakwa utando wa kioo na kuchomwa tanuruni. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki, katika magofu ya Kilwa, Manda na Shanga, wanaakiolojia wameokota vigae vya ufundi wa namna hiyo hiyo vya karne zile zile, ila vyetu vilitoka upande wa Iran kwa njia ya bahari. Hakuna haja ya kudai kwamba Athene na Kilwa zilifanya biashara. Inatosha kuona kwamba mtu wa Kilwa na mtu wa Athene wa mwaka 1100 wangeweza kula katika bakuli zilizopambwa kwa ufundi mmoja.

Aliyeweka msingi wa kuvisoma vyombo vya Athene ni Alison Frantz, ambaye pia alikuwa mpiga picha wa uchimbaji huo. Mwaka 1938 alichapisha uchambuzi wa vyombo vya Kibizanti kutoka Agora, wakati ambapo wenzake wengi walivitazama vitu hivyo kama kifusi.

Je, wakazi walikuwa maskini? Tunasoma kwamba Athene ya wakati huo ilikuwa kijiji.

Sifa hiyo imetokana kwa sehemu kubwa na mtu mmoja, Mikaeli Choniates, aliyekuwa askofu mkuu wa Athene tangu 1182 hadi Wafaranki, yaani wapiganaji wa Msalaba kutoka Ulaya Magharibi, walipoitwaa Athene baada ya 1204. Alikuwa msomi kutoka Konstantinopoli. Alitarajia mji wa wanafalsafa akakuta mji wa wakulima na mafundi, na maandishi yake yamejaa masikitiko juu ya ufukara, kodi na maharamia. Miongoni mwa mambo aliyoyalilia ni kwamba mabaki machache ya Stoa Poikile, baraza mashuhuri iliyopambwa kwa michoro, yamekuwa malisho ya kondoo.

Leo Stoa Poikile imepatikana, na juu yake hakuna dalili ya malisho tu. Kuna kuta za nyumba, visima, makasiki na vigae vya bakuli zilizopambwa. Sidhani kwamba askofu alisema uongo. Huenda alionyeshwa gofu jingine, kwa kuwa wakati wake sehemu kubwa ya jengo halisi ilikuwa tayari chini ya ardhi, na huenda siku zake za mwisho mji ulikuwa umeanza kudhoofika kweli. Lakini alipima mji kwa kipimo cha Plato, na kwa kipimo hicho mtu mwenye ghala lililojaa nafaka haonekani kabisa. Bila uchimbaji wa nyumba tungebaki na neno la askofu peke yake.

Je, ni kweli kwamba nyumba hizi hubomolewa baada ya kuchimbuliwa?

Ndiyo, sehemu kubwa, na msomaji ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi. Mahali ambapo lengo ni kulifikia jengo la kale lililo chini, kuta za Kibizanti hupimwa, huchorwa, hupigwa picha, na baada ya ruhusa ya Wizara ya Utamaduni ya Ugiriki huondolewa jiwe baada ya jiwe. Mawe ya kale yaliyotumiwa tena ndani yake hutazamwa kila upande, kwa sababu yamewahi kupatikana maandishi na vipande vya sanamu vilivyogeuzwa uso kwa ndani.

Watu huuliza kwa nini zisiachwe. Sababu iko kwenye mpangilio wenyewe wa mahali: jengo la karne ya 5 K.K. liko chini ya nyumba ya karne ya 11 B.K., na hakuna njia ya kulifikia bila kupita katika nyumba. Mtu anayetaka kujua historia ya mwanzo wa Athene lazima aipoteze sehemu ya historia yake ya kati. Katika akiolojia kila tabaka husomwa mara moja tu, na ukurasa uliosomwa hauwezi kurudishwa.

Kwa maoni yangu uamuzi huo unakubalika kwa sharti moja: kwamba nyumba ichimbwe kwa uangalifu ule ule ambao ungetumika kama chini yake kungekuwa na mwamba mtupu. Sharti hilo halikutimizwa siku zote. Katika karne ya 19, taifa jipya la Ugiriki lilipokuwa likijitafutia sura, karibu kila kitu kilichokuja baada ya enzi ya kale kilifutwa juu ya Akropoli. Mnara mrefu wa zama za Wafaranki uliokuwa langoni ulibomolewa mwaka 1875 kwa fedha za mwanaakiolojia Mjerumani Heinrich Schliemann, na hakuna aliyepata nafasi ya kuuchunguza ipasavyo. Katika Agora ya miaka ya 1930 mambo yalikuwa bora, kwa maana madaftari yaliandikwa na ramani zikachorwa, lakini kasi ilikuwa kubwa na umakini kwa enzi ya kati ulitegemea sana nani alisimamia sehemu gani. Tofauti hiyo inaonekana hadi leo mtu anapojaribu kuunganisha nyumba za sehemu mbalimbali kuwa mtaa mmoja.

Jengo pekee la Kibizanti lililobaki limesimama ndani ya uwanja ni Kanisa la Mitume Watakatifu, la karibu mwaka 1000, lililorudishwa katika umbo lake la awali kati ya 1954 na 1956.

Mchimbaji hufanya nini hasa anapofika kwenye sakafu?

Hupunguza mwendo. Sururu ndogo huwekwa kando, na mwiko na brashi huchukua nafasi yake. Sakafu ya udongo ulioshindiliwa haionekani kirahisi: ni mkanda mwembamba wa udongo mgumu zaidi, wakati mwingine wenye majivu, chokaa au vigae vilivyolala bapa kwa sababu vilikanyagwa. Ukigonga kwa ncha ya mwiko, sauti hubadilika. Ukiukwangua, udongo laini wa juu hubanduka na kuacha uso ulio sawa. Kabla ya kuuvuka uso huo, kimo chake hupimwa, mchoro huchorwa, na ndoo mpya yenye lebo mpya huwekwa, ili vigae vya juu ya sakafu visichanganyike na vya chini yake.

Hatari kubwa ni mashimo. Mtu wa karne ya 12 aliyechimba shimo la taka alitoboa sakafu ya babu yake, na pengine akafika hadi tabaka za Kirumi. Udongo aliotoa aliumwaga juu, ukiwa na vigae vya miaka mia nyingi kabla yake, na taka zake zikaanguka chini, katikati ya vitu vya kale. Mchimbaji asiyeiona duara hafifu ya udongo wa rangi tofauti atatoa vitu vya enzi mbili kama vya enzi moja, na kosa hilo halirekebishiki. Ndiyo maana nusu ya kazi ni kuisafisha ardhi na kuitazama, hasa asubuhi mapema kabla jua halijaikausha na kuifuta rangi yake.

Udongo huchekechwa, na sehemu yake huoshwa kwa maji ili mbegu zilizoungua na mifupa midogo ya samaki ipatikane. Vigae huoshwa, hukaushwa na kuenezwa mezani. Kila kitu kinachoandikishwa hupewa herufi na namba: P kwa vyombo vya udongo, L kwa taa, S kwa sanamu, I kwa maandishi ya mawe, N kwa sarafu.

Chini ya nyumba hizi kuna nini?

Katika ukanda wa kaskazini, ng'ambo ya reli na mtaa wa Hadrianou, kuna ile Stoa Poikile iliyotajwa juu. Ilijengwa katika karne ya 5 K.K., na kona yake ya magharibi iligunduliwa mwaka 1981. Ndani yake kulikuwa na michoro ya Polygnotos na wenzake, ukiwemo ule wa vita vya Marathon, pamoja na ngao zilizotekwa kwa Wasparta. Karibu mwaka 300 K.K. mwanafalsafa Zeno wa Kition alifundishia humo, na wafuasi wake wakaitwa Wastoiko, kundi lile lile ambalo baadaye Paulo alikutana na watu wake. Reli iliyochimbwa mwishoni mwa karne ya 19 imekata sehemu ya kaskazini ya uwanja, hivyo sehemu hii imetengana na hifadhi kuu.

Vitu vinavyopatikana ni mali ya nani?

Ni mali ya dola ya Ugiriki, chini ya sheria namba 3028 ya mwaka 2002. Sheria hiyo inalinda vitu vya Kibizanti kama inavyolinda vya enzi ya kale.

Mgeni anaweza kuona nini?

Eneo kuu la Agora limefunguliwa kwa wageni. Makumbusho yake yamo ndani ya Stoa ya Attalos, iliyojengwa upya kati ya 1953 na 1956 juu ya misingi yake ya karne ya 2 K.K., na anayetafuta vyombo vya Kibizanti asiridhike na makabati ya mwanzo tu, kwa kuwa vitu vya enzi za baadaye vimewekwa mwishoni. Uchimbaji wa upande wa kaskazini unaonekana kutoka barabarani, chini sana kuliko usawa wa meza za mikahawa iliyo jirani. Mwenye nafasi aende pia kwenye Makumbusho ya Bizanti na ya Kikristo, yaliyoanzishwa mwaka 1914, na kwenye kanisa la Kapnikarea la karne ya 11, ambalo bado linatumika kwa ibada.

Mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kushiriki?

Ndiyo. Uchimbaji hufanyika wakati wa kiangazi, kwa kawaida Juni na Julai, na kwa miaka mingi umetegemea wanafunzi wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali. Maombi hutumwa kwa Shule ya Marekani iliyoko Athene kupitia tovuti yake, miezi kadhaa kabla ya msimu. Asiyeweza kusafiri anaweza kufanya jambo lenye manufaa yale yale: madaftari ya uchimbaji, picha, ramani na kadi za vitu vingi tangu 1931 vimewekwa kwenye intaneti na kusomwa bila malipo. Mtu aliye Dar es Salaam au Mombasa anaweza kufungua daftari la mchimbaji wa miaka ya 1930, kuona kwa mwandiko wa mkono mahali ukuta wa Kibizanti ulipopita, na kuufuata hadi kwenye ramani ya sehemu ya jirani iliyochimbwa miongo mingi baadaye. Kazi ya kuziunganisha nyumba hizo kuwa mitaa haijakamilika, na sehemu kubwa ya ushahidi wake sasa iko kwenye kurasa hizo.